Boti Ambayo Hakuna Aliyeikagua

Cheti cha usajili wa boti yangu kilipokaribia kuisha, nilijua tayari kwamba ubao mmoja wa chini, upande wa nyuma, umeanza kuoza. Nalisema hili kwanza ili msomaji asinihurumie kupita kiasi.

Nilikuwa nimestaafu kiwandani Thika na kununua boti ya kuvusha watu bwawani, mbele ya Ngoliba: akina mama wenye magunia ya ndengu, walimu, watu waendao matangani. Bila cheti, boti hukaa nchi kavu. Na kabla ya cheti kipya lazima mkaguzi aje aitazame.

Ofisini, karani aliniambia kwa upole, "Mzee, maombi ni ya mtandaoni. Nenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, jaza mwenyewe, usimpe mtu. Halafu mkaguzi atakuja."

Nikatoka nikinung'unika. Nimezoea kwamba afisa akikuzungusha anataka chai. Huyu hakutaka chai, na sikujua la kufanya na mtu wa namna hiyo.

Nikampigia rafiki yangu wa Ruiru. Tulitoka magharibi pamoja, tukalala chumba kimoja, tukafanya shifti moja. Mke wangu alipofariki, yeye alishika jeneza upande wa mbele. Tuliitana shemeji, kwa mzaha, kwa kuwa dada yangu alimkataa ujanani. Siku hizi alikuwa na kiofisi juu ya duka la dawa, akisaidia watu na karatasi za serikali.

"Shemeji, hiyo ni kitu ndogo," akasema. "Niletee cheti cha zamani na kitambulisho."

"Na mkaguzi?"

"Kwani unamtaka?"

"Asifike."

Akacheka. "Basi hatafika."

Cheti kikaja na muhuri wake mwekundu. Nikakitia ndani ya plastiki, nikavusha watu miezi mitano.

Asubuhi moja ya siku ya soko, mkaguzi alifika bwawani kukagua boti zote. Abiria wangu walikuwa wameshaketi. Akasoma namba ya cheti, akatazama simu yake, akatazama tena.

"Mzee, namba hii ni ya boti nyingine. Hii yako ilikaguliwa na nani?"

Akainama kule nyuma na kuchoma ubao kwa bisibisi. Iliingia kama kwenye kiazi kilichochemshwa.

"Shukeni," akawaambia.

Mama mmoja aliyempakata mjukuu wake alinitazama. Walishuka mmoja mmoja.

Siku hiyo hiyo nilienda Ruiru. Njia nzima nilitamani aniambie kwamba naye alidanganywa. Nilimkuta akinywa chai, na hakuinuka.

"Ulijua ni feki?"

"Shemeji, ungetaka cha kweli ungemwita mkaguzi."

"Tumekula sahani moja, mimi na wewe!"

"Ndiyo maana sikukuuliza boti ina shida gani."

Nilishuka ngazi zile. Hatujasemezana tangu hapo. Kinachoniuma si kwamba aliniuzia uongo. Ni kwamba aliniona ninazama na watoto wa watu, akanipa karatasi.

Nilibadilisha ubao. Nikaenda saiba, nikajaza maombi mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Mkaguzi alipokuja alilala chali chini ya boti muda mrefu, nami nikamshikia tochi.

Cheti nilikipata. Yule mama mwenye mjukuu bado huvuka na boti ya mvushaji mwenzangu.