Yule Aliyepona wa Bonga

Nilitoka Mbeya kwa basi hadi Dodoma, na kutoka Dodoma nikapanda lori lililobeba magodoro, nikadhani nimepata bahati. Barabara ya Kondoa wakati ule ilikuwa vumbi na makorongo matupu, na mgongo wangu, ulioumia nilipoanguka kwenye ngazi nikipaka rangi, haukujua tofauti ya godoro na jiwe. Nilikuwa nimesikia mkoa mpya umeanzishwa, ofisi zinajengwa Babati, mafundi rangi wanatafutwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbia. Kila mji niliokaa, baada ya muda huzuni ilinikuta, nami nikahama.

Nilipanga chumba Bonga, nje kidogo ya Babati, kwa mama mmoja mjane aliyeuza maziwa. Ndiye aliyeona jinsi nilivyokuwa. Asubuhi nilikuwa nakaa kitandani na soksi moja mkononi, nikishindwa kuamua kama kuna haja ya kuvaa. Dawa za hospitali zilinilaza tu. Akanipeleka kanisani kwake.

Mchungaji aliniwekea mikono, na waumini wakaomba kwa sauti, kila mmoja na maneno yake, hadi mabati yakavuma. Akaniambia niiname. Nikainama, nikagusa sakafu. Maumivu hayakuwepo. Nililia, kanisa zima likashangilia. Hadi leo sijui kilichotokea mchana ule, lakini hakikuwa uongo.

Jumanne maumivu yakarudi.

Pale kanisani aliyeponywa hakuombewa tena ugonjwa uleule. Kumwombea ilikuwa sawa na kumwambia Mungu hajafanya kitu. Maumivu yakirudi, yaliitwa ya uongo, na mtu alitakiwa kuyakataa kwa kinywa chake. Jumapili iliyofuata nilijikokota hadi mbele, nikitaka kuombewa. Mchungaji akanishika mabega, akanigeuza taratibu nikawatazama watu, ili nitoe ushuhuda.

Tangu hapo nikawa yule aliyepona. Watu walinisalimia hivyo hata sokoni. Nilipaka rangi nikiwa nimepiga magoti pale nisipoweza kuinama, na nikiulizwa hali nilikuwa na jibu moja tu. Mwenyewe sikuweza tena kuomba. Nikifumba macho nilikuta giza na uchovu. Nilitaka kitu kimoja, mtu yeyote amwambie Mungu kwamba naumwa. Siku moja nilikaa kando ya ziwa la Babati nikiwatazama viboko, nikatamani nisiinuke tena pale nilipokaa.

Kisha akaja binti mmoja na baba yake, mzee mfugaji aliyepinda kiuno. Walikuwa wametembea kutoka Mutuka baada ya kusikia habari zangu. Nikamwamkia mzee, akaitikia, kisha binti akaomba nimwekee mikono. Mzee akanikazia macho.

“Ulipona kweli?”

“Nilipata nafuu siku moja, baba. Sasa hivi naumwa.”

Akacheka hadi akajishika kiuno. “Wewe binti, umenitembeza njia yote hii nije kumwona mgonjwa mwenzangu?”

Binti hakucheka. Alikuwa amemwahidi baba yake kwamba atarudi amenyooka. Aliondoka bila kuniaga, akaenda moja kwa moja kwa mchungaji.

Mchungaji alikuja kesho yake, akanywa chai ya maziwa kwa mama, akazungumza nami kwa upole. Alisema nimeukana uponyaji wangu, na kwamba sitaombewa chochote hadi nisimame mbele ya kanisa na kutubu. Nikamwambia nimechoka. Akasema uchovu nao nisiukiri.

Nikafungasha vitu vyangu. Nisingeweza kusimama tena mbele ya watu wale na kusema mimi ni mzima.

Mama mwenye nyumba alinisindikiza hadi stendi, begi langu kichwani kwake. Basi la Singida lilikuwa linaunguruma. Akatua begi, akaweka kiganja mgongoni kwangu, palepale penye maumivu, na waumini wenzake wawili wakimtazama kutoka kwenye vibanda.

“Bwana, huyu mwanangu anaumwa,” akasema. “Mgongo unamuuma, na moyo unamuuma. Nakaa naye, nimemwona. Hajapona.”

Kondakta akaniita mara ya mwisho. Mama hakunyamaza, wala mimi sikufungua macho. Basi likaondoka. Nilipanda la mchana, mgongo ukiuma vilevile, na Babati sijarudi tena.