Mtoto Aliyezaliwa Sokoni

Miaka ya sabini ikielekea ukingoni, niliteremka kutoka Meru nikiwa nimeolewa juzi tu, nikaanza kuuza kabichi na viazi katika soko la Isiolo. Katika mtaa wa Wabera tulikopanga sikujua mtu. Jirani yangu sokoni alikuwa mama mtu mzima wa Kiborana, muuza maziwa ya ngamia. Tulisalimiana asubuhi, basi. Vibuyu vyake vilinukia moshi, na hadi leo nikiisikia harufu ile naona vumbi likielea juani, na watu wakipita ndani yake taratibu.

Siku moja ya mnada wa mbuzi, uchungu ukanishika kabla ya wakati wake. Mume wangu alikuwa kazini Gotu, mbali na mji. Nilishikilia gunia la viazi, nikachutama.

Jirani yangu alinitazama mara moja tu, akaita kwa lugha yao. Wauza maziwa wakaja mbio, wakavua shuka zao, wakazishika kunizunguka. Nikajikuta katika chumba cha nguo, chekundu, manjano, buluu, mwanga ukipenya. Nje watu walibishana bei ya mbuzi. Sauti zao zilienda mbali, zikarudi.

"Usiogope, msichana yangu," aliniambia. "Soko yote iko na wewe."

Mtoto alipolia, nje wakaacha kubishana bei.

"Ni nini?" mwanamume mmoja akauliza.

"Msichana!"

Soko zima likashangilia.

Tangu hapo, wafugaji ambao hawakuwahi kununua hata kabichi moja walisimama mezani kwangu. "Msichana wetu hajambo?" Nikawa na wajomba na mashangazi nisiojua hata kwao ni wapi.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Meru, akamkuta mtoto mgongoni mwa muuza maziwa.

"Aliyembeba mjukuu wangu ni nani?"

Jirani? Rafiki? Maneno hayo hayakutosha. "Ni nyanya yake," nikasema.

"Nyanya yake ni mimi!"

"Huyu ni nyanya wa hapa, mama."

Muuza maziwa hakuelewa hata neno moja la Kimeru chetu. Alimimina chai, akampa kikombe kwa mikono miwili. Mama mkwe alikitazama, akanywa, akaketi. Akauliza jambo kwa Kimeru, akajibiwa kwa Kiborana. Akauliza tena. Kufikia alasiri walikuwa wakicheka pamoja, mtoto amelala katikati yao, nami nikiendelea kupimia watu viazi.