Nyasi za Mzee Parsimei na Lisi Ambayo Hatukuandikisha

Nakumbuka asubuhi ile ya Kitengela, mwanangu. Nilikuwa nakoroga uji nikasikia kitu kinakwaruza mlango kwa nje. Kufungua, napata kijana na kopo la rangi nyekundu ameshachora X kubwa mlangoni kwangu. Nyuma yake amesimama Lemayian, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Parsimei, mikono mfukoni.

"Mama Wanjiru, sopa," akanisalimia kwa Kimaasai, kama mtu amekuja kunywa chai.

"Epa. Hiyo rangi ni ya nini?"

"Lisi imeisha. Shamba la baba limerudi kwetu, na hii ghorofa iko juu yake. Anza kutafuta pa kwenda."

Nilikaa chini hapo mlangoni, uji ukaungua na sikusikia hata harufu.

Wacha nirudi nyuma ndiyo uelewe. Sisi watu wa ile ghorofa hatukununua ardhi. Ardhi ilikuwa ya Mzee Parsimei, naye alimkodishia mjenzi kwa miaka iliyoandikwa, ndiyo hiyo lisi. Mjenzi akajenga, akatuuzia fleti kwa miaka iliyobaki. Ikiisha kabla haijaongezwa, nyumba inaenda na ardhi. Mimi niliacha shule darasa la sita, nauza mitumba sokoni. Nilisikia neno "kununua" nikatosheka. Hakuna aliyenifafanulia, na mimi sikuuliza.

Muda ulipokaribia kwisha tulienda kwa Mzee, huko bomani kwake upande wa Kajiado, tumwombe aongeze miaka. Aliyetuongoza ni Mwaura, mwenyekiti wetu wa ghorofa, mtu wa mdomo mtamu. Ndiye alitukataza kubeba wakili. "Mkimpelekea Mzee wakili mtakuwa mmemtukana," alisema. "Wamaasai wakishika nyasi wameapa, wamemaliza."

Basi tukapeleka kondoo dume aliyenona, sukari na blanketi. Mzee aling'oa nyasi akazishika mkononi, akatutemea mate ya baraka vile wazee wao hufanya, akasema hakuna wa kututoa. Tulipiga makofi. Mimi nililia kwa furaha, mjinga mimi.

Lakini Mzee hakuishia hapo. Alinigeukia kwa sababu nilikuwa karibu naye.

"Na karatasi iko wapi?"

Mwaura akacheka. "Karatasi ya nini, Mzee, na nyasi tumeziona?"

Mzee akakasirika. "Nyasi ni zangu mimi. Zinanizuia mimi nisiwafukuze. Hawa vijana wangu wamezishika? Leteni huyo wakili niweke kidole nikiwa na pumzi, na watoto wangu wote wakae hapa waone. Wewe mama, umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Basi usinyamaze."

Tukirudi nilimuuliza Mwaura wakili tutamleta lini. "Aii, Mama Wanjiru! Darasa la sita ndiyo inataka kunifundisha sheria?" Gari zima likacheka. Nikaogopa kuchekwa tena, nikanyamaza. Kabla mvua haijanyesha Mzee akafa.

Sasa turudi ile asubuhi ya rangi. Nilipoinuka nilipanda ngazi, nikaona milango yote imechorwa isipokuwa mmoja. Wa Mwaura. Nikamuuliza Lemayian kwa nini.

"Huyo aliongeza yake," akanijibu. "Baada ya matanga alikuja peke yake na wakili, tukaandikiana. Nyinyi hamkuja."

Wengine walishahama, mmoja yuko Namanga kwa mashemeji, wanamsukuma huku na huku. Mimi niko na kesi kortini ya kupinga kutolewa, na bado nalala mle ndani. Gari likisimama getini nakimbilia dirishani. Nikitoka kwenda sokoni sijui kama nitarudi nikute vitu vyangu ndani au barabarani.

Mwanangu, ukiambiwa unauziwa fleti, uliza kwanza miaka iliyobaki ni mingapi na ardhi ni ya nani. Kuongeza usingoje ikaribie kwisha. Nenda mapema, mwenye ardhi akiwa hai, na mabibi zake na watoto wake wakisikia, na wakili akiandika, halafu ufuate hiyo karatasi mpaka isajiliwe kwa ofisi ya ardhi. Heshima ya mzee ipeleke, kondoo mpeleke, nyasi zipokee kwa mikono miwili, lakini usirudi na hizo peke yake. Na gari zima likikucheka, uliza tena. Mungu akupe nyumba ambayo mtu akibisha mlango unafungua ukitabasamu. Watoto wako wazeeke ndani yake.

Na wewe Mwaura, tunapishana kwa ngazi kila siku unaangalia viatu vyako. Ulikuwa pale bomani. Ulimsikia Mzee vile mimi nilimsikia. Simama mbele ya majirani wako, wale waliobaki, utuambie kwa nini wakili wetu alikuwa tusi na wako hakuwa. Usinitumie mtu. Njoo mwenyewe ujibu.