Mtoto Aliyeongeza Uzito

Kuna Jumatano moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Ilikuwa katika miaka ya tisini, upande wa Macalder penye machimbo ya dhahabu, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na kukosa karo ya chuo. Sista Consolata, muuguzi aliyetuletea kliniki ya akina mama na watoto, alinichagua kupima uzito kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa safi. Alinifunza kwa asubuhi mbili tu. Mimi niliona zimetosha na kusaza.

Kliniki ilifanyika ndani ya kanisa lililokuwa halijakamilika, kuta zikiishia kiunoni na mabati juu. Mizani tuliifunga kwenye boriti. Ilikuwa ya duara kama saa ya ukutani, na chini yake kulikuwa na ndoano. Mtoto huvishwa suruali ya turubai, akatundikwa pale, akabaki akining'inia huku anapiga mateke na kulia. Nikishasoma mshale naandika kwenye rejista, kisha natia nukta kwenye kadi yake na kuiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Ukishuka, namwita Sista. Hivyo ndivyo nilivyoielewa kazi.

Asubuhi ile alikuja mama mmoja kijana aitwaye Atieno. Sisi tulimwita Nyar Asumbi, yaani binti wa Asumbi, maana kwetu mke huitwa kwa jina la kwao alikotoka. Alikuwa akiosha mchanga wa dhahabu machimboni. Mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana, na mgongoni alimbeba Omondi, mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mkononi alishika furushi.

"Hilo la nini?" nikamuuliza.

"Ni nguo zake. Nilitaka nipite hapa, kisha nimpeleke hospitali Migori. Hachezi siku hizi, dada. Analala tu, na ukimgusa analia. Nyumbani wanasema anamwonea wivu huyu wa tumboni."

Nilimvisha Omondi suruali, nikamtundika. Wenzake wote walikuwa wamepiga mateke. Yeye alining'inia kimya. Nywele zake zilikuwa zimegeuka nyekundu-nyekundu na laini, na mashavu yalijaa. Niliyaona hayo yote, mwanangu, maana macho yangu tangu utotoni hayaachi kitu. Nywele nikadhani ni jua la machimboni. Kimya chake nikadhani ni upole. Kisha nikasoma mshale, na furaha ikanifunika, kwa kuwa mstari wa Omondi uliokuwa ukishuka ulikuwa umepanda karibu kilo nzima.

Niliinua kadi juu. "Akina mama, tazameni hapa! Huyu ndiye mama wa kuigwa!"

Wakapiga makofi. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Nyar Asumbi, tuambie unampikia nini, na sisi tuwalishe waume zetu!" Kanisa zima likacheka. Atieno naye akacheka, akiwa ameinamisha uso. Makofi yalipoisha alinisogelea.

"Kwa hiyo nisiende Migori?"

"Uende kufanya nini? Rudi nyumbani. Omondi ni mzima."

Alilifungua lile furushi pale pale, akatoa shuka na kumfunika mtoto, akaenda zake.

Saa saba ilipopita, Sista Consolata aliketi kukagua rejista yangu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini, na alizoea kupitisha kidole kwenye kila mstari. Kidole kilifika kwa Omondi kikasimama.

"Huyu alikuwa akishuka. Amekula nini hata akapata kilo nzima?"

"Sikuuliza, Sista."

"Bado ananyonya?"

Hilo nililisikia kwenye foleni bila kuuliza. Mama yake alimwachisha ghafla alipojigundua ana mimba, kwa kuwa watu walimwambia maziwa ya mjamzito yanadhuru. Sasa mtoto alikuwa akinywa uji mwepesi wa muhogo na chai ya rangi. Nikamweleza yote hayo.

"Miguu yake uliibonyeza?"

Sikuibonyeza. Kufanya hivyo alinifunza asubuhi ya pili, nami nikaona ni jambo dogo.

Sista alifunga rejista. "Ule si mwili ulioongezeka, ni maji. Mtoto akikosa chakula cha kumjenga, mwili huvimba kwa maji, na maji nayo yana uzito. Mtoto wa namna hiyo anaweza kupoa mwili jioni, na asubuhi asiamke. Wewe umesoma mizani. Mtoto umemwachia nani amsome?"

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Alikuwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa nyuma ya pazia, hakuweza kumwacha.

"Gari lililoleta chanjo linarudi Migori saa kumi. Wewe ndiye uliyemrudisha, wewe ndiye utakayemleta. Abebwe mwili kwa mwili, afunikwe, asilazimishwe kula. Nenda."

Machimboni ni mwendo wa karibu saa moja. Nilikwenda nusu nikikimbia, nikipita mihogo iliyoanikwa kando ya njia na watu walionisalimu nisiwajibu. Kichwani nilikuwa nikipanga maneno, na kwa aibu yangu nakueleza, mwanangu, sikuwa nikipanga namna ya kumwokoa mtoto. Nilikuwa nikipanga namna ya kumchukua bila mtu kujua kwamba nilikosea.

Nilimkuta Atieno kijitoni pamoja na wanawake wengine, wamemwaga mchanga juu ya magunia yaliyotandikwa kwenye mbao, wanaumwagia maji ili dhahabu inase kwenye gunia. Omondi alilala kivulini kwenye ile shuka. Mama yake alikuwa amemnunulia andazi kwa furaha ya asubuhi. Lilikuwa mkononi mwa mtoto, zima, na nzi wawili juu yake.

"Daktari wa mizani huyo!" akaita mmoja. "Umekuja kutupimia dhahabu?"

Nikajichekesha. "Sista anawasalimu. Anataka tu kumwona Omondi kidogo, leo leo."

"Kumwona kwa nini?" Aliyeuliza ni Dorka, mama mkwe wa Atieno, mwanamke mrefu aliyekuwa akikung'uta gunia. "Si umesema ni mzima?"

"Ni mzima, mama. Ni kumwona tu."

"Basi atamwona Jumatano ijayo," Atieno akasema bila kuacha kazi. "Nimepoteza asubuhi nzima kwenu."

Nikarudia, nikaongeza tabasamu. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande. Nilipomwambia kwamba pengine mtoto anahitaji dawa kidogo, Dorka akalitupa gunia chini.

"Asubuhi mnono, mchana mgonjwa! Kesho utatuambia nini? Hujazaa hata mmoja, unakuja kutufundisha watoto? Hiyo mizani yako inapima nini, upepo?"

Walicheka sana. Nikatazama njia niliyojia, na nakuambia kweli, nilifikiria kurudi niseme sikuwapata. Ndipo Omondi alipotoa sauti. Haikuwa kilio, ilikuwa pumzi yenye mlio mdogo, na lile andazi likamtoka mkononi. Hakulitazama.

Nilipiga magoti kwenye tope. Nikaushika mguu wake, nikabonyeza juu ya unyayo kwa dole gumba, nikashikilia kidogo. Nilipoondoa dole, pakabaki shimo. Wanawake wakasogea kutazama. Shimo halikujaa.

"Nilikosea," nikasema, na safari hii nikasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Asubuhi nilimsifu Atieno mbele yenu, na mtoto alikuwa mgonjwa. Ni maji haya, si mwili. Alitaka kumpeleka hospitali, mimi nikamzuia. Kosa si la mama, ni langu. Gari linaondoka saa kumi, na tukilikosa anaweza asifike kesho."

Atieno alisimama huku maji yakimdondoka mikononi. Hakunitukana. Alimwangalia mkwewe.

Dorka alichuchumaa. Akabonyeza mguu wa pili kwa dole lake mwenyewe, akangoja, akaangalia. Kisha akafungua kanga aliyojifunga, akampachika mtoto mgongoni kwake na kuikaza kifuani.

"Wewe una mimba, huwezi kukimbia," akamwambia Atieno. "Tufuate polepole. Na wewe, daktari, ongoza njia."

Mwendo ule sitausahau. Dorka alikuwa na umri wa mama yangu, lakini nilimsikia nyuma yangu hatua kwa hatua, na kila baada ya muda akiuliza, "Anapumua?" Nami nageuka, naweka kiganja mbele ya pua ya mtoto, nasema anapumua. Mara ya tatu sikuhisi kitu. Nikabaki nimesimama, mkono hewani. Dorka akasimama pia. Kisha joto dogo likanigusa kidole, nikasema, "Twende, mama, twende."

Tulipotokea barabarani tulilisikia gari likipiga honi. Dereva alikuwa ameketi ndani, injini inanguruma, na Sista Consolata amesimama mbele kabisa ya gari, mkono mmoja juu ya boneti, aproni yake ina damu ya yule mama aliyekwisha kuzaa.

"Sista, toka, nimechelewa!" dereva alikuwa akisema.

"Nikanyage basi," akajibu.

Atieno alifika anahema, akapandishwa pamoja na mkwewe. Mimi nilibaki barabarani.

Omondi alikaa hospitali majuma matatu. Nilikwenda kumwona siku ya tano, nikakuta uzito wake umeshuka. Maji yalikuwa yamemtoka, na ndani yake alikuwemo mtoto mwembamba mno, mbavu zinahesabika, anayelilia kikombe cha maziwa. Wauguzi walikuwa wakifurahia kile kilio. Dorka alikuwa ameketi kando ya kitanda, na aliponiona alisogea ili nikae. Akaniambia kuku wake wanataga kila siku, na mayai yote alikuwa akiyapeleka sokoni.

Ninachotaka ubaki nacho, mwanangu, ni hiki. Mtoto mtazame yeye kwanza, karatasi baadaye. Akiacha kucheza, akianza kuvimba miguu, nywele zikibadilika rangi, usingoje siku ya kliniki. Maziwa ya mama hayageuki sumu kwa sababu ya mimba, usiyakatize ghafla. Mtoto wa umri ule uji mtupu haumtoshi. Mtilie omena, wale dagaa wa ziwani, waliosagwa au njugu, mpe maharagwe, mboga na yai kabla yai halijaenda sokoni. Mama mwenye mimba naye apakuliwe kwanza, asile ukoko baada ya wote kushiba. Na wewe ukiwa mwanaume usiseme hayo ni mambo ya jikoni, kwa sababu kuku ni wako na samaki unamleta wewe.

Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, usipoteze muda kutafuta maneno ya kujificha. Nusu saa niliyoitumia kutabasamu pale kijitoni ilikuwa ya Omondi, haikuwa yangu. Ikiwa uliwapotosha watu hadharani, rudi hadharani uwaambie, na uende mbio.

Mungu akujalie nyumba yenye kelele za watoto walioshiba. Akupe mkwe wa kukubebea mzigo siku utakapolemewa, na ulimi mwepesi wa kusema nilikosea kungali mapema. Nenda salama, mwanangu.