Siku Walipozima Bani Langu

Hakuna jambo linaloweza kunishtua mimi. Nasema hivyo si kwa majivuno, ingawa sababu za kujivuna ninazo. Shule niliiacha darasa la tatu. Nilibeba magunia katika soko la Arua, nikalala Pajulu barazani kwa watu, nikachuuza ugoro kwa baiskeli mpaka Koboko, na ilipofika mwaka wa 1975 nilikuwa na bani la matofali ya kuchoma, la kwanza Dranya nzima. Bani ni nyumba ya kukaushia tumbaku. Wakubwa wa serikali kule Arua Hill walikaa katika nyumba walizoacha Wazungu. Mimi tumbaku yangu ilikaa katika nyumba niliyojenga mwenyewe, na mabati juu.

Kwanza nieleze Dranya, maana watu wakisikia Koboko wanafikiri ni kambi na buti tu. Dranya ni mashamba. Udongo mwekundu, muhogo, mtama, simsim, na tumbaku kwa mtu mwenye akili. Ukisimama juu ya kichuguu nyuma ya bani langu unauona mlima Liru. Sudan iko upande mmoja, Zaire upande mwingine, na mtu mwenye miguu mizuri aliweza kunywa chai Uganda, kununua chumvi Zaire na kulala Sudan siku hiyohiyo. Mkristo akitaka kuchinja mbuzi alimwita jirani Mwislamu ashike kisu, ili nyama iliwe na wote. Tuliishi hivyo, na hakuna aliyetufundisha.

Ila tangu 1971, jeshi liliposhika serikali, lilikuwa kama shamba letu la pili. Kila boma lilikuwa na kijana wake kambini. Mke wangu Zaituni, mtoto wa Kinubi wa Arua mjini, alikuwa na kaka wawili na mdogo wake mmoja, wote watatu askari. Mdogo aliitwa Ramadhani, dereva wa lori la maji. Mlangoni kwangu mkubwa wa jeshi hakukosa, na sukari nyumbani kwangu haikukosa. Sifichi.

Siku ninayoanzia ilikuwa ya kawaida. Mwezi wa tano wa 1979 ulikuwa unaisha, mvua ilikuwa nzuri, na tulikuwa tumevuna majani ya chini, yale yanayotangulia. Wanawake walikaa kivulini wakiyafunga kwenye fito, Zaituni mbele yao, mikono myeusi kwa ulimbo wa tumbaku. Jirani yangu Yeremia akaja kunusa, kama kawaida yake. Naye alikuwa mkulima, ila bani lake lilikuwa la udongo.

"Bani yako iko kama kanisa," akasema. "Lakini majani iko kama ya mgomba."

"Yeremia, wewe iko na wivu."

"Wivu ya nini? Mutu anajenga matofali, anasahau kupalilia."

Wanawake wakacheka. Nikamwambia angoje siku ya kuuza, mnunuzi atatuambia nani anajua tumbaku. Jioni ile nikawasha moto.

Hapo lazima mtu aelewe kazi. Tumbaku ikishaingia bani, moto hauzimwi kwa muda wa wiki. Siku mbili za mwanzo unauweka mdogo, jani ligeuke manjano polepole. Rangi ikishika, unaupandisha kila siku, mpaka mwisho ndani hakuna kiumbe kinachoweza kukaa. Moto ukizimika katikati, jani linaoza, na hakuna dawa. Na bani lenye moto halifunguliwi ovyo. Anayefungua ni mwenyewe tu, hata mke haingii. Ndiyo desturi yetu.

Kesho yake tukasikia ngurumo upande wa Arua. Yeremia alisema ni mvua. Zaituni alisikiliza kidogo, akasema mvua haihesabu. Ilikuwa mizinga ya Watanzania, ile tuliyoiita sabasaba. Kampala ilikuwa imeanguka kitambo, lakini sisi tulijiambia vita itachoka njiani.

Barabara ikajaa. Malori, landrova, askari wenye magodoro kichwani, wake zao na kuku, wote wakielekea Oraba kuvuka kwenda Sudan. Mchana Dranya nayo ikaanza kuhama. Watu walizima moto jikoni, wakafunga mbuzi kamba, wakaondoka.

Ramadhani alitufikia kwa miguu. Alikuwa ametupa sare, amevaa shati la mtu mnene. Nyayo zake zilikuwa zimechanika hata hakuweza kusimama mlangoni.

"Kaka zetu?" Zaituni akauliza.

"Hawakuvuka mto Nile."

Zaituni alichemsha maji akamwosha miguu.

Kumbeba mpaka Sudan sikuweza. Kumwacha ndani ya nyumba ilikuwa hatari, maana tulisikia kwamba nyumba za njiani zinapekuliwa, na askari akikutwa anachukuliwa. Wengine walisema anapigwa risasi palepale. Lipi la kweli sikujua, wala sikutaka kulijua kupitia kwake. Nikamwingiza bani. Moto ulikuwa bado mdogo. Nikamlaza chini karibu na mlango, mbali na mabomba yanayopitisha joto la tanuri, na kibuyu cha maji. Nani angefungua bani lenye moto?

Yeremia alikuwa hajaondoka kwa sababu ya mama yake asiyetembea. Akaja mbio.

"Zima moto! Kijiji yote hakuna moshi, ni yako tu. Moshi yako inaita watu!"

Alisema kweli. Leo hata mtoto angeona. Lakini mimi nilitazama fito zangu zilizojaa mpaka juu, nikasema moto wa tumbaku hauzimwi. Watu wananiuliza kama nilibaki kwa ajili ya shemeji. Nilibaki kwa ajili ya shemeji na tumbaku, na sitasema kipi kilikuwa kizito zaidi.

Walifika siku ya pili ya moto, alasiri, mvua ikinyesha. Watanzania kumi na mmoja, wameloa mpaka mifupa. Walifuata moshi.

"Hodi wenyeji," sajini wao akasema. "Habari za hapa, ndugu?"

"Muzuri, afande. Karibu."

Kiswahili chao kilikuwa laini, kama cha redio. Sajini aliuliza kama kuna askari, nikasema hakuna. Aliuliza nani yuko, nikamwonyesha mke wangu, na Yeremia aliyekuwa amesimama chini ya upenu. Wakaingia nyumbani, wakatazama chini ya kitanda, wakatoka. Kisha wakaona mdomo wa tanuri chini ya kibanda cha mbele ya bani, na nyuso zao zikabadilika kama za watoto walioona uji. Wakaketi wote mbele ya moto. Wakatundika soksi.

Mmoja akatupa gogo ndani. Akatupa la pili.

"Taratibu, ndugu," nikasema. "Moto ikizidi, jani inaharibika."

"Tumetembea toka Kagera, mzee huyu anatunyima kuni!"

Wakacheka. Gogo la tatu.

Hapo koplo mmoja akainuka, mwembamba, mwenye pengo la jino. Akanusa hewa. "Mwacheni, anajua kazi yake. Mimi nimezaliwa ndani ya tumbaku, Tabora. Bani la baba lilikuwa la miti." Akanigeukia. "Siku ya ngapi hii?"

"Ya pili."

"Basi rangi imeshika. Leo ni siku ya kupandisha."

"Bado kidogo."

"Bado nini? Harufu hii ni ya jani la manjano. Ukichelewa leo, kesho ni kahawia. Kaa, ndugu, leo upumzike, sisi tutakufanyia."

Na akaanza kupanga magogo vizuri, kwa mkono wa mtu anayejua. Alikuwa anasema kweli. Ndiyo iliyoniua. Kama ningekuwa peke yangu na bani tupu, ningefanya vilevile alivyofanya yeye.

Moto ukanguruma.

Zaituni alikuwa ameshika sufuria ya chai. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa bani.

Nilitega sikio. Mvua juu ya mabati, moto, soga zao. Ndani, kimya. Nilitamani nisikie kikohozi, na niliogopa nisije nikakisikia.

"Tuone kipimajoto," koplo akasema.

Mlangoni mwa bani langu palikuwa na kioo kidogo, upana wa kiganja, cha kusomea joto bila kufungua. Nilikinunua Arua, nilikionyesha kila mgeni.

Nikasimama mbele yake. "Kioo chafu, afande. Huoni kitu."

Akanisogeza kwa bega, bila ubaya. Akafuta kioo kwa mkono wa shati. Akainama.

Akakaa pale.

Akakaa.

Alipogeuka hakunitazama. Alimtazama Zaituni, miguu yake, mikono yake, uso wake. Kisha akatema mate matopeni.

"Sajini," akasema, "tumbaku hii imekufa."

"Si ulisema nzuri?"

"Nilisema kabla sijaiona. Imeoza. Ukungu mtupu. Moshi wake ukikuingia kifuani, utakohoa mpaka Mwanza. Tuzime tuondoke." Akanielekea, na sauti yake ikawa ya dharau. "Ndugu, wewe ni mkulima kweli, au uliokota bani? Sema mbele ya watu. Unaijua tumbaku?"

Wote kumi na mmoja walinitazama. Yeremia alinitazama chini ya upenu. Miaka minne nilikuwa nimemwambia huyo mtu, kila siku ya Mungu, kwamba hapa Koboko hakuna anayenishinda.

"Hapana," nikasema. "Mimi hapana jua tumbaku."

"Sema kwa sauti."

"Mimi hapana jua tumbaku!"

Wakacheka mpaka mmoja akaangusha soksi motoni. Koplo hakucheka. Alichukua ndoo, akachota maji ya mvua kwenye pipa langu, akayamwaga ndani ya tanuri, ndoo moja, ya pili, ya tano. Mabomba yangu yakapasuka kwa baridi, moja moja, kama bunduki, na askari wakashtuka wakashika silaha. Kisha akavuta kamba ya kufungulia matundu ya paa. Mvuke ukatoka juu, na ndani yake harufu ya jani zuri, tamu, ya manjano. Yeremia aliinua uso akanusa.

"Kuna shule kule mbele," koplo akamwambia sajini. "Ina paa. Hapa tutakufa kwa moshi."

Wakavaa soksi mbichi, wakaondoka. Koplo alikuwa wa mwisho. Akipita kando yangu akasema chini chini, akijifanya anafunga kiatu:

"Mpe maji na chumvi, kidogo kidogo. Na jani lako lilikuwa zuri, ndugu. Baba angelipenda."

Jina lake sikulijua. Niliposhtuka kumtafuta kwa macho, alikuwa mmoja wa migongo kumi na moja kwenye mvua.

Nikafungua mlango. Ramadhani alikuwa amelala kifudifudi, mdomo kwenye upenyo wa chini ya mlango, pale hewa ya nje inapoingia. Mkono wake mmoja ulikuwa umegusa bomba, ngozi imebaki huko. Nikamgeuza. Nilimwita mara mbili. Zaituni alipiga magoti, akammiminia maji midomoni kwa kiganja.

Akafumbua jicho.

"Shemeji," akasema, "jani iko tayari."

Mimi nilikaa chini kwenye tope nikacheka, nikacheka mpaka Zaituni akanipiga ngumi ya bega. Kisha naye akalia, mara ya kwanza tangu aambiwe habari ya kaka zake. Sijawahi kupumua kama nilivyopumua jioni ile. Kifua kilikuwa chepesi kama cha mtu aliyetua gunia.

Baada ya siku nne Yeremia alimpakia kwenye baiskeli, amemfunika magunia ya muhogo, akamvusha Zaire. Hatukumwomba. Alikuja tu asubuhi na baiskeli yake, akasema, "Leteni mutu yenu." Njiani na baadaye hakumwambia mtu yeyote. Ila lile neno nililosema mbele ya tanuri alilitangaza soko zima, na analitangaza mpaka leo, na kila mara anaongeza sauti. Namwacha. Kwa Yeremia nimejifunza kunyamaza, na si kitu ninachojua sana.

Ramadhani yuko hai. Ana watoto sita, anauza vipuri Arua mjini. Kovu la mkono lipo, na hawezi kukaa chumba kilichofungwa mlango, hata mvua ikiingia. Kaka zake wawili hawakurudi. Mama mkwe wangu alisoma hitima mbili bila kaburi hata moja, na tangu siku hiyo hakutaja tena mto Nile. Akitaka kusema ng'ambo alisema "kule". Katika waliovuka Oraba kutoka Dranya, wengi walirudi, wengine tunasikia habari zao, wengine hatusikii. Wale vijana waliokuwa shamba letu la pili, hakuna aliyewavuna. Hilo mimi siwezi kulipima, na sidhani kuna mizani yake.

Langu naweza. Jani lote lilioza kwenye fito, tukalitupa shambani likawa mbolea. Bani moja kama lile msimu uliotangulia lilinipa shilingi elfu tano mia tisa. Mabomba mapya yalinigharimu mia nne themanini, na kioo, ambacho Zaituni alikivunja kwa jiwe usiku ule bila kuniambia kwa nini, kilikuwa shilingi kumi na tano. Kwa hiyo mtu akiniuliza nilimkomboa shemeji yangu kwa kiasi gani, sikuni kichwa. Shilingi elfu sita, mia tatu na tisini na tano.