Kiangazi cha Kwenye Daftari

Harufu ya salfa imeingia darasani kupitia dirisha, nami nimeshika chaki na nimeshindwa kuanza somo la majira. Nimeandika sentensi moja ubaoni, nikaifuta, nikaiandika tena.

Nilikuwa darasa la nne. Mikorosho yetu ilikuwa imechanua, na mama alikuwa na mfuko mmoja tu wa salfa wa kuzuia ukungu wa maua. Alfajiri alitazama mawingu upande wa kijiji cha Mnyambe, akasita. Hakujua kusoma, ila mimi nilikuwa na daftari.

"Hebu tazama humo, mwanangu. Mvua imekwisha au bado?"

Nikasoma kwa sauti: "Kiangazi hakuna mvua."

"Mwalimu ndiye kasema?"

"Ndiye, mama. Tumeandika wote."

Akacheka kidogo. "Basi mjinga ni mimi na mawingu yangu." Akajifunga kitambaa puani, akapuliza mfuko wote kabla umande haujakauka.

Mchana mvua ilinyesha. Ile poda ya njano ikatiririka hadi chini ya mashina, na wiki iliyofuata maua yakawa meusi. Mama hakunigombeza. Alisema tu labda amepuliza vibaya.

Siku chache baadaye tulipewa jaribio. Tuliulizwa kiangazi hali ya hewa huwaje. Nilijua jibu la mwalimu na nilijua la shambani. Nikaandika la mwalimu, nikapata vema.

Mama aliiona ile alama nyekundu, akafurahi, akaniuliza nilikuwa nimejibu nini.

Nikamwambia lilikuwa swali la hesabu.