Mahindi ya Germana Mdomoni mwa Mashine

Mkono wangu umezoea jembe, kalamu inaniteleza, na bado mnanisumbua niandike habari za Germana wa Kansay. Haya, someni.

Mwaka ule wa foleni za sabuni, baada ya vita vya Kagera, mashine ya kusaga ya kijiji ilikuwa na ugonjwa mmoja: ikizimwa ingali na joto, haiwaki tena. Fundi Patrisi aliifungua, akaifunga, akasema lazima aijaribu na mahindi ndani, azime na kuwasha mpaka aiamini. Wanawake wakatazamana. Nani atoe mahindi yake yafie humo? Germana akamimina debe lake. Hakuwa na jingine, na kesho yake binti yake Antonia alikuwa anapata kipaimara. Wageni wangekula nini?

Ikasaga kidogo, Patrisi akaizima. Kuiwasha, ikagoma. "Inataka maji ya kupoza," akasema. Germana, maana hajui kungoja, akabeba ndoo akashuka mtoni.

Alipokuwa anapanda kurudi akasikia maneno.

"Yatoeni hayo, tuanze upya na ya mwingine," Bernadina, mmoja wa wanawake wa foleni, alikuwa anasema. "Aliyeondoka kaondoka."

Na nani kasimama, kiwiko juu ya mdomo wa mashine? Zuena, mke wa Hamidi mwenye duka, ambaye Germana hakuwahi kumsalimia vizuri. Watu wa dukani, alizoea kusema, hawajui jembe.

"Alikuwa anasaga ilipozimwa," Zuena akajibu. "Ikiwaka, inaendelea na yeye. Unga uliotoka nimeufunika pale. Yaliyobaki yamo humu. Hakuna kuanza upya."

"Kwani ni dada yako?"

"Mimi ni mke wa muuza chumvi. Njoo unisogeze."

Hakusogea mtu. Zuena alikuwa na mwili.

Maji yakamiminwa, Patrisi akazungusha hendeli, mashine ikakohoa, ikawaka. Akazima, akawasha, akazima tena. Kila ikiamka iliendelea pale ilipoachia. Mpaka debe likaisha, na Patrisi akafuta mikono. Imepona.

Germana akautazama unga wake. Kwake kushukuru ni kama kumeza kiazi cha moto, lakini alimeza.

"Bi Zuena, nimeshukuru. Kesho Hamidi aje mapema atuchinjie kuku, ili tule wote sahani moja."

"Tutakuja," Zuena akasema. "Na chumvi nitaleta mwenyewe, ya kwenu naijua."

Walikuja. Mpaka leo, kwa Germana kuku hachinjwi kabla watu wa Zuena hawajafika.

Sasa wewe uliyesoma: yupo mtu aliyekulindia chako ulipokuwa hupo. Mwendee leo, umshukuru kwa mdomo, watu wakisikia. Halafu rudi hapa uniambie amejibu nini.